Kadiri Yake

Tanga yote inajipepea, na mimi nimevaa soksi.
Saa saba mchana, Barabara ya Kumi na Mbili,
bati linalia kwa jua,
nami naomba blanketi.
Mbaruku haulizi tena. Anafunga dirisha,
anavua fulana, anakwenda kulala sebuleni penye feni.

Rovu walilikata Bombo, mwaka ule wa mvua nyingi.
Kovu limebaki, uzi mwembamba wa kidani
ambacho hakuna sonara atakayekinunua.
Tezi ilipotoka ilitoka na moto wake.
Tangu hapo moto naununua, kidonge kwa kidonge.

Kwanza nilimeza vyeupe.
Daktari akasema: sawa, mama, namba zimekaa.
Namba zilikaa. Mimi ndiye niliyelala.
Nyusi zikakatika nchani,
nywele zikaziba shimo la bafu,
na sindano ya cherehani, imesimama kitambaani,
ikanikuta nimesahau nashona nini,
gauni la Bi Mwanamkasi au foronya ya nani.

Kisha Penina, binti wa jirani, muuguzi Kanada,
akaleta chupa. Vidonge vya kahawia,
vina harufu ya ghala, ya kitu kilichowahi kuwa hai.
Wiki ya sita nikavua soksi.
Wiki ya nane nikamsikia Mbaruku akicheka chumbani,
nikatambua ni mimi niliyemchekesha.

Bei ikapanda. Kiwanda kikabadili chupa,
kikabadili na kilichomo, au mwili ulinidanganya:
moyo ukawa unagonga usiku
kama mgeni aliyekosea nyumba.
Nikahamia kampuni nyingine. Nayo ikaadimika.
Nikahama tena.
Husema Tanga, waja leo warudi leo;
kumbe walikuwa wakizisema dawa zangu.

Nikajifunza hesabu ya wembe:
kizima kikawa nusu, nusu ikawa robo,
na vumbi nikililamba kidoleni,
maana hata vumbi lina bei yake,
pindo la pazia, shati la sare na vifungo vyote.

Ndipo Hizza wa duka la dawa
akakisoma kile kikaratasi cha ndani, akanyamaza.
Akasoma tena.
"Mama Tunu, unajua hii inatokana na nini?"
Akashindwa kumtaja. Akachora kwenye risiti
mkia mdogo uliojikunja.

Miezi kumi na minne.
Kila alfajiri, kwa maji ya mtungi,
na bismillahi juu yake.

Mwalimu wa madrasa, kijana mwenye simu mbili,
hakunikemea. Dharura huhalalisha, alisema.
Kisha, akitazama mkeka:
lakini dharura hupimwa kwa kadiri yake.
Vile vyeupe, mama, vipo?
Vipo.
Vinakuweka hai?
Hai, ndiyo.
Hakujua aulize nini tena, wala mimi sikujua
neno linalokaa baina ya hai na mzima.
Kadiri yake. Nikaufikiria wembe wangu.

Vya kahawia vimebaki kumi na kimoja
ndani ya kopo la bizari.
Sijavitupa. Sijavimeza.
Vyeupe nanunua kwa Hizza, ananipunguzia mia tano
na hanitazami machoni.

Leo nimemeza, nikangoja nusu saa
chai ikipoa mbele yangu, ndiyo sharti.
Mbaruku amepita na kanzu ya Ijumaa,
akanishika vidole, akaviachia upesi kwa ubaridi,
kisha akavishika tena, akakaa.
Jasho lilimtoka hadi kolani.

Nje watu wanalalamikia joto.
Kopo nimelisogeza nyuma ya chumvi.
Wembe bado mkali.